Ghorofa Tulizozipa Majina ya Kwetu

Nimestaafu. Wekesa, mlinzi mwenzangu, alipolisikia neno hilo alicheka, akasema mtu hastaafu akiwa na meno yote mdomoni. Acheke. Kazi nimeiacha, sirudi, na hakuna aliyenipa neno lingine.

Nyinyi wasichana mlioingia kempu ya walinzi juzi mmeniuliza kwenye grupu mambo mawili: kazi ya ulinzi Dubai ikoje, na kwa nini niliondoka wakati karatasi ya kuongeza mkataba ilikuwa mezani ikingoja sahihi yangu tu. Nitayajibu yote mawili pamoja kwa sababu ni jambo moja. Habari za mshahara siandiki, kila mtu ana mdomo wake wa kulalamika. Waliopandishwa cheo nao siwaandiki. Wanajijua, na tangu wapandishwe hawasalimii.

Mimi ni mtu wa Makutano. Kenya imejaa Makutano. Yetu ni ile iliyokuwa na kiwanda cha nguo. Nilipokuwa mdogo, king'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa ya mji. Kilipolia asubuhi hata kuku walijua. Halafu kiwanda kikafungwa, king'ora kikanyamaza, na baba zetu wakaendelea kuamka saa ile ile, wakavaa maovaroli yao, wakakaa nje kwenye viti. Nimekua nikiwaangalia watu waliovaa kwenda kazi isiyokuwepo. Kila uchaguzi wanakuja waheshimiwa na utepe, wanapima geti la kiwanda, wanapigwa picha, wanaondoka. Lile geti limepimwa kuliko bibi harusi.

Nilimaliza kidato cha nne, nikampata mwanangu Tasha, baba yake akapata safari. Wakala alipokuja mjini kutafuta walinzi, tulijipanga kama watu wa kugawiwa mahindi. Nilimwachia mama yangu mtoto ambaye hajajua hata kulitamka jina langu. Mama anaishi Laini, zile nyumba za matofali za wafanyakazi wa kiwanda, zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Ndipo nilipozaliwa. Nyumba za Dubai nimeziona, nimezilinda kwa miguu yangu mwenyewe, na bado nikifumba macho ni Laini ninayoiona, na moshi wa jioni ukitoka kila mlango. Mtu akiniambia Makutano ni mji uliokufa nataka kumpiga. Nimewahi kumpiga mmoja kwenye basi la kampuni, lakini hilo si la leo.

Sasa kazi. Siku ya kwanza walinipeleka Silicon Oasis, kwenye jengo la nyumba za kupanga lililokwisha kujengwa lakini halijapata watu. Ghorofa sita, na mchanga mlangoni kila asubuhi kama vile jangwa limekuja kuuliza bei. Zamu ya mchana tulikuwa watatu. Mimi. Wekesa, ambaye naye ni wa Makutano, tulisoma shule moja, yeye mbele yangu. Na Da Mwana, mama wa makamo kutoka Tanga, aliyekaa Dubai mpaka wenye maduka ya viungo kule Al Ras wakawa wanamwita kwa jina. Da Mwana alikaa mezani pale chini na kamera zake. Sisi tulipanda na kushuka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kampuni ilinifundisha kupiga saluti. Viatu, aliniambia, nunua vinavyokuzidi kidogo, maana mguu wa mchana si mguu wa asubuhi. Redio ya mkononi ukiibonyeza, vuta pumzi kwanza ndipo useme, ama neno lako la kwanza litaliwa. Maji kunywa kabla ya kiu. Arbab, yaani mwenye jengo, akija simama, lakini usikimbilie kumfungulia mlango, atakuzoea vibaya. Na la mwisho lilinishangaza: kila nyumba unayoikagua, hata kama unajua ni tupu, gonga na utoe salamu kabla ya kufungua.

"Nani ataitika, Da Mwana?"

"Ndiyo maana unagonga, mwanangu. Upate kujua kwamba hakuna."

Shida ya jengo lile ilikuwa kufanana. Namba za ghorofa hazikuwa zimebandikwa bado, na lifti zilizimwa kuokoa umeme. Ulipanda ngazi, ukatokea kwenye korido nyeupe, ndefu, milango myeupe pande zote mbili, na taa zinazojiwasha mbele yako na kujizima nyuma yako. Ukipumzika kwenye ngazi ukasahau kuhesabu, umepotea. Siku moja Wekesa alibishana na Da Mwana kwenye redio kwamba yuko ghorofa ya nne, na Da Mwana anamwona kwenye kamera yuko ya pili.

"Sasa wewe ndiye wa kuniambia nilipo?"

"Nakuambia kwa sababu wewe hujui."

Ndipo Wekesa akapata wazo. Tuzipe ghorofa majina ya kwetu, kwa mpango ule ule mtu anavyopanda mjini kutoka stendi. Pale chini pakawa Stendi. Ghorofa ya kwanza Sokoni, ya pili Posta, ya tatu Dispensari, ya nne Shuleni, ya tano Laini, na juu kabisa Kiwandani. Tukaandika kwa chaki nyuma ya kila mlango wa ngazi. Hatukupotea tena. Msimamizi wetu, tuliyemwita Sir tu, Mpakistani mpole mwenye haraka, alidhani hizo ni namba za Kiswahili. Hatukumsahihisha.

Nilifurahi, siwafichi. Uko mbali, mtoto wako anamwita nyanya yake mama, halafu mchana kutwa unabonyeza redio unasema, "Niko Sokoni, Sokoni sawa. Napanda Posta." Mdomo ulikuwa unafika nyumbani hata kama miguu haifiki. Wekesa akawa anatia chumvi: "Sokoni leo vitunguu havishikiki." "Shuleni hedimasta kalewa tena, over." Kule Laini tukagawana milango. Huu wa kina Wekesa, huu wa fundi wa baiskeli, ule wa mwisho kushoto wa mama yangu. Nikifika pale niligonga kama nilivyofundishwa, nikasema, "Hodi mama. Hodi Tasha." Kila zamu.

Siku moja kidole changu kilisahau kuachia kitufe cha redio, na Da Mwana akanisikia.

"Unamwita nani huko juu?"

"Mwanangu. Natania tu."

"Tania na jina la mtu mzima mwenzio," akasema, na siku hiyo hakuongea tena isipokuwa la kazi.

Joto lilipoanza kupanda ndipo na mengine yakaanza. Kule Kiwandani nilikuta pamba. Nyuzi nyeupe, zimejikusanya kwenye pembe za sakafu kama zinavyojikusanya chini ya mashine. Wekesa akasema ni ile sufi wanayofungia mabomba ya AC. Sawa. Lakini sufi ya mabomba hainuki mafuta ya mashine na jasho la watu wengi waliotoka zamu kwa pamoja. Kule Posta nikasikia muhuri ukigongwa, mara mbili, kimya, mara mbili. Niligonga kila mlango wa korido ile, nikatoa salamu, nikafungua. Vyumba vitupu, madirisha yamefungwa, vumbi halina alama ya mguu. Nikapata kujua kwamba hakuna, kama alivyosema Da Mwana, na kujua kule hakukunisaidia kitu.

Kisha wapangaji wakaanza kuingia. Walianzia ghorofa ya kwanza, yaani Sokoni. Sir alitembea siku nzima akisugua mikono. Wiki hiyo hiyo nikampigia mama, akaniambia soko letu limevunjwa, wachuuzi wamepelekwa huko kwenye barabara kuu. Nikampa pole, tukaongea mengine. Ikafuata Posta kupata watu. Nikapiga simu nyumbani: posta imefungwa, kufuli mlangoni, na mbuzi wa mtu wanalala kwenye baraza yake. Nikatukana serikali, nikaenda kulala. Dispensari ilipojaa sikupiga simu. Niliogopa. Ni mama aliyenipigia. Nesi kahamishwa, hakuletwa mwingine, na mama alikuwa na shinikizo la damu na hajui pa kwenda kupimwa.

Nilimkuta Wekesa kwenye ngazi akila mkate.

"Umesikia ya dispensari?"

"Nimesikia. Mama Tasha, kwetu kila siku kuna kitu kinafungwa. Hata kama hili jengo lisingekuwepo, vingefungwa."

"Kwa mpango huo huo?"

Akatafuna.

"Kwa mpango huo huo wa ngazi, Wekesa?"

Tangu siku hiyo aliacha utani kwenye redio. Lakini majina yalikuwa yamekwisha kuzoea mdomo, na mdomo uliozoea hauulizi. Tuliendelea kuyaita.

Shuleni ilipata wapangaji. Shule yetu ikaunganishwa na ile ya ng'ambo ya mto, na Tasha ndio kwanza alikuwa amefika umri wa kuanza. Dada yangu mkubwa, anayekaa Nairobi, anayeitaja Makutano kama mtu anayetaja ugonjwa, akasema basi, imetosha. Mama alinieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia kabla ya kupiga simu.

"Anakuja na lori mwisho wa mwezi. Nyumba zinazotoa moshi hapa Laini zinahesabika. Mimi sitaki kuondoka. Lakini na huyu mtoto? Mto ukijaa nani atamvusha? Wewe ukija, nabaki, tutavushana. Usipokuja naenda naye, na hii nyumba naifunga."

"Na mkifunga?"

"Tukifunga, wale wawili watatu waliobaki wananingoja mimi. Watafunga pia."

Nikaomba kuongea na Tasha. Alikuwa anakula kitu.

"Mama, tunahamia nyumba yenye milango mingi myeupe."

"Kwa anti Nairobi?"

"Siyo kwa anti. Ile ndefu. Taa zinawaka zenyewe. Wewe unabisha hodi, mimi naitika, lakini hunisikii."

Simu yangu ya wakati huo haikuwa na hata kamera nzuri. Sikuwahi kumwonyesha mtoto jengo lile. Pengine alinisikia nikimsimulia mama yangu, pengine aliota. Jipeni jibu mnalolitaka. Mimi nilikata simu nikakaa sakafuni.

Siku iliyofuata Sir alikuja anatabasamu. "Habari njema, sister. Ghorofa ya tano yote inachukuliwa na kampuni moja kwa wafanyakazi wake. Mwisho wa mwezi, inshallah. Khalas, jengo letu limekuwa mji."

Nilimwendea Da Mwana pale mezani. Sikumwambia mambo ya ndoto. Nilimwambia mila yetu, nikajisikia nikiieleza na kuielewa wakati huo huo. Kwetu mtu akifia mbali, kwa ajali au mtoni, wazee hawachukui mwili peke yake. Wanakwenda pale pale alipoangukia na tawi la mti, wanamwita kwa jina, wanamwambia twende nyumbani. Kisha wanalikokota lile tawi mpaka bomani. Hakuna anayegeuka nyuma, na njiani jina lake halitajwi na mtu yeyote, asije akadhani ameitwa mahali pengine akabaki hapo. Nilimwona mjomba wangu akirudishwa hivyo.

Ni watu wa kwetu tu wangeweza kufanya kosa lile. Mtu wa mahali pengine angeyaita majina yale mpaka koo likauke na yasimsikie. Sisi tulilelewa na jambo hilo. Tuliuona mji umelala mgonjwa kule, tukasimama huku ng'ambo tukauita, zamu baada ya zamu, kwa upendo, kwa redio yenye betri iliyojaa.

Da Mwana alisikiliza mpaka mwisho. "Nyumba moja haiwezi kuwa na watu pande mbili," akasema. "Rudisha. Lakini ukiuita ukufuate, uufikishe. Usije ukauacha uwanja wa ndege."

"Karatasi ya mkataba nimeletewa nisaini."

"Nimeiona. Nimeweka kikombe changu cha chai juu yake."

Sikusaini. Mengine ya kafeel, mdhamini wetu, na pasipoti mnayajua, siwachoshi. Nilipotajiwa siku ya safari, ilikuwa ndani ya juma lile lile la lori la dada na la wapangaji wa ghorofa ya tano.

Siku yangu ya mwisho, jua la adhuhuri, nilikata tawi la mwarobaini kwenye maegesho ya magari. Nilipanda mpaka Kiwandani nikiwa na yunifomu. Nikasimama katikati ya korido, nikawaita. Nilisema zamu imekwisha, twende nyumbani. Harufu ya mafuta ya mashine ilinijia usoni kama mlango wa joko umefunguliwa. Nikateremka Laini nikilikokota tawi. Sikugonga. Nilisimama mlango wa mwisho kushoto, nikasema, "Mama. Tasha. Hapa si kwetu. Tokeni, twende." Nikaita na milango mingine, wa kina Wekesa, wa fundi wa baiskeli, na mingine ambayo hatukuwahi kuigawa lakini nilijua ni ya nani. Kisha nikageuka kuelekea ngazi, na nikaanza kusikia makomeo yakifunguka nyuma yangu, moja, halafu lingine, halafu mengi.

Sikutazama. Lakini korido ile ina ukuta wa kioo mwishoni, na nilikuwa naenda kwenye kioo hicho. Niliwaambia zile taa hujizima nyuma yako ukishapita. Siku hiyo hazikujizima. Zilibaki zinawaka mpaka kule mwanzo, kama zinavyobaki watu wengine wakiwa bado wanapita. Niliinamisha uso nikatazama viatu vyangu.

Kila ghorofa niliyoteremka niliita mara moja, kwa sauti ya chini, maana ndani kulikuwa na wenyewe na televisheni zao. Kati ya Posta na Sokoni nikakutana na Sir anapanda.

"Sister, hii nini? Tawi la nini?"

Nilifungua mdomo nikaogopa kitakachotoka. Wekesa alikuwa mbele yangu kidogo, ananisafishia njia.

"Anafagia, Sir. Kwetu mtu akiacha kazi anafagia alipopita."

"Mila nzuri," akasema Sir, akajibana ukutani anipishe. Nikapita. Nilipofika kona ya ngazi nikamwona kwa pembeni. Alikuwa bado amejibana ukutani, tumbo amelivuta ndani, macho ameyainamisha, anapisha.

Da Mwana alikuwa amefungua milango yote miwili ya mbele na AC inatoka nje, kitu ambacho Sir angemkatia mtu mshahara. Hakuniaga. Nami sikumuaga.

Tawi hawakuniruhusu kuingia nalo kwenye ndege. Nilichuma jani moja nikaliweka kifuani. Tangu pale sikulitaja jina la mji. Nairobi, kwenye ofisi ya mabasi, kijana wa tiketi akaniuliza naenda wapi, nikamwonyesha kwa kidole ubao wa safari.

"Wewe ni bubu?"

"Si bubu."

"Basi sema."

Nikaonyesha tena.

"Nyinyi mkitoka Dubai mnakuwa na madharau," akasema, akanikatia tiketi. Alipoandika alisita, akainua macho. "Ni wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

Alitazama juu ya bega langu, akarudi kwenye karatasi, hakuniuliza tena.

Basi wasichana, hilo ndilo jibu. Kazi ni nzuri ukiijua. Nunueni viatu vinavyozidi, vuteni pumzi kabla ya kusema, gongeni milango mitupu. Na ghorofa ya tano iiteni ghorofa ya tano. Nyumbani mkupende mpaka kuwaume, lakini mkupendee kule kule kwenyewe.

Nilifika mchana. Lori la dada lilikuwa mlangoni kwa mama, limekwisha kupakiwa vitanda na masufuria. Dada alikuwa juu akifunga kamba. Mama alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha marehemu baba, ufunguo mkononi. Tasha alisimama kizingitini, mrefu kuliko nilivyombeba akilini. Nilimlilia miaka yote ile na pale machozi hayakuja. Nilishusha begi, nikasimama mbele ya mama, na ndipo nikalitaja jina la mji wetu, kwa sauti, mara moja.

"Nimefika Makutano."

Mama akamwambia dada yangu, bila kuinuka, "Shusha godoro."

"Mama, tumeshafunga kila kitu."

"Nimesema shusha."

Dada alianza kuzifungua zile kamba huku akinitukana kwa kilugha, na mimi nilimwacha, nilikuwa na matusi yangu ya kumrudishia baadaye. Tasha hakuwa akitusikiliza. Hakuwa akinitazama hata mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, barabara ya Laini, na kichwa chake kilikuwa kinasogea polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

"Na hawa wote," akauliza, "watalala wapi?"

Sikugeuka.

"Kila mmoja ana nyumba yake," nikamwambia. "Sogea kando, wapishe wapite."